Huyo Si Nduku

Mzee Odero alipoingia nyumbani kwa marehemu Anti Nduku kule Kayole, Jumamosi ile ya maombi, nilimshuku kabla hajavua kofia. Alikuwa amebeba mkate na majani ya chai, na mimi simwamini mtu anayekuja matangani na vitu vya kujipendekeza. Wengine walimwona mzee wa kawaida tu, mvi kichwani, koti limempwaya mabegani, wakampisha kochini. Mimi nilimwona mwanamume aliyemwaibisha shangazi yangu mbele ya mtaa mzima wa Huruma, nikajiuliza amefuata nini leo, siku ambayo Anti hawezi tena kumfungia mlango. Aliposema "Poleni sana," wanawake waliokuwa wakikata kabeji jikoni wakanyamaza. Mwili wake ulikuwa umekwisha, lakini sauti ilikuwa ileile, nzito, ya kuvuta watu. Sauti hiyo ndiyo iliyotuponza.

Miaka ile nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo, na Anti alikuwa amenichukua nikae naye Huruma. Tulikuwa na chumba kimoja ghorofa ya tatu. Pazia la maua lilitenga kitanda na viti, na upande wangu wa pazia ulikuwa mahali pazuri pa kusikiliza mambo yasiyonihusu. Chini ya dirisha palikuwa na jiko la mafuta ya taa, na ukichungulia nje uliona paa la mabati la nyumba ya vidio ya Odero, limepigwa viraka hadi huwezi kujua bati la kwanza lilikuwa lipi. Anti alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Kila asubuhi alipiga pasi sketi kwa makaa, akanywa chai na mkate bila siagi, akashuka ngazi akishika ukuta ili asikanyage maji ya watu wanaofua. Hakuwa mkali, ila hakujua utani. Ukimtania, alidhani umemuuliza swali. Siku moja Mama Kelvin, jirani yetu wa mlango wa pili, alimwona amevaa blauzi nyeupe akamwambia, "Leo umewaka Nduku, unaenda kuolewa?" Anti akasimama, akafikiri, akajibu, "Hapana, naenda kazini." Mama Kelvin alisimulia hayo mwezi mzima. Anti hakuwahi kuelewa kilichochekesha ni nini.

Odero alikuwa fundi wa redio siku za kazi. Ikifika Jumamosi na Jumapili mchana aliziba madirisha ya kile chumba chake kwa blanketi, akapanga mabenchi, akawasha televisheni na deki iliyofungwa kwa mnyororo, na watu wakajaa hadi mlangoni. Filamu zake zilitoka mbali, zikizungumza lugha ambazo hakuna aliyezijua, yeye akiwa wa kwanza kutozijua. Kwa hiyo alikaa kando na maiki akatuambia wanachosema. Angetosheka na hilo angekuwa mkalimani tu, lakini Odero aliwapa wale watu majina ya mtaa. Jambazi mkuu aliitwa jina la keateka, msimamizi wa ploti yetu. Polisi mnene anayekimbia vibaya aliitwa jina la muuza mitumba aliyekuwa ameketi palepale benchi la pili, na yule jamaa angesimama kuinamia watu kama mheshimiwa. Ukitajwa kwa Odero ulikuwa umefika. Ukitajwa vibaya, ulikuwa na kazi ya kujieleza wiki nzima, maana watu wa kwetu walishika kwamba Odero hasemi kitu bure. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mke mmoja alirudi kwao Kakamega kwa sababu mumewe alitajwa kwenye filamu akinywa pombe na mwanamke kwenye meli. Meli, Huruma! Lakini aliamini, akafunga mizigo.

Ndipo ikaja ile filamu ya pango. Jina lake lenyewe sikuwahi kulijua. Ilikuwa habari ya mwanamume mwenye ramani iliyochanika, anatafuta hazina iliyofichwa na wafalme wa zamani ndani ya pango la mawe mekundu, pamoja na mwanamke mrefu mwenye nywele nyingi aliyekuwa na akili kumzidi. Nimetazama filamu nyingi tangu hapo, na watoto wangu wananionyesha mpya kila wiki kwenye simu, lakini sijaona nyingine iliyonifanya nisahau kwamba nimekalia ubao. Walivuka daraja la kamba. Waliteremka kisimani penye nyoka. Na siku hiyo Odero alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: yule shujaa alimpa jina lake mwenyewe, Odero, na yule mwanamke akamwita Nduku. Chumba kizima kikapasuka kwa kelele. Kulikuwa na Nduku mmoja tu aliyejulikana pale mtaani. Mwisho wa filamu sanduku la hazina linazama mtoni, shujaa anabaki ng'ambo ya pili, mwanamke anasimama ukingoni, wanapungiana mikono. Odero akashusha sauti hadi ikawa kama anazungumza na mtu mmoja. "Nduku, nisubiri," akasema. "Sehemu ya pili nitarudi na hazina, na nitakuja kwenu na wazee."

Nilipanda ngazi mbiombio nimpashe Anti, nikamkuta Mama Kelvin keshamaliza kusimulia na sasa anashika kiuno akicheka. Anti alikuwa anachambua maharagwe. Aliuliza jambo moja tu, yule mwanamke wa kwenye filamu alikuwa amejibu nini. Mama Kelvin akasema hakujibu, alipunga mkono. Anti akarudia kuchambua.

Kuanzia hapo mtaa ukamwoza. Muuza sukuma wiki alimwongezea majani akimwita shemeji. Vijana waliokaa kwenye ngazi walimpisha wakisema, "Sasa mke wetu, sehemu ya pili lini?" naye Anti, kwa kuwa ni Anti, aliwajibu kwamba hana habari, wamuulize mwenye vidio. Odero alianza kuja kwetu. Alileta redio yetu aliyoitengeneza bila kuitishwa, kesho yake akaja kuangalia kama bado inalia, keshokutwa akaja kubadilisha waya ambao haukuwa na ubaya wowote. Alikunywa chai upande ule wa pazia, akaongea, akaongea. Alijua kuongea, simnyimi haki yake. Alimwambia habari za ziwani kwao, za samaki, za baba yake aliyefanya kazi kwenye reli. Anti alijibu "ehe" na "kumbe". Mimi nilikuwa nimelala chali kitandani nikihesabu dosari zake. Mwanamume anayejua kusema maneno ya watu wote, maneno yake mwenyewe ni yapi? Nikaanza upelelezi wangu. Nikauliza kwa kinyozi kama Odero ana mke ushago, kijijini kwao. Nikauliza kwa mwenye kibanda cha chipsi. Nikamfuata siku moja hadi mtaa wa Ziwani, kwa binamu yake, nikasimama nje nikijifanya natafuta mtu. Sikupata chochote, wala mke, wala mtoto, wala deni, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mtu asiye na kasoro yoyote amezificha vizuri.

Kama Anti alimpenda au hakumpenda, hilo sikulipata nyuma ya pazia. Najua chai yake ilikuwa ikipoa anapomsikiliza, na chai Anti hakuwahi kuiacha ipoe. Najua pia kwamba kila Odero alipoondoka, uso wa Anti ulikuwa kama wa mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike na mwenyewe harudi. Jumamosi moja alikwenda Buruburu kwa mwenzake wa kazini, akarudi jioni na maumivu ya kichwa. Tulikuwa tunamenya viazi. Ghafla akaniuliza, "Mwende, watu wakikuoza bila kukuuliza, unafanya nini?"

Nikasema unakataa.

"Mbele ya watu wote hao?"

Nilidhani anazungumza juu ya yule mwenzake wa Buruburu. Nikamwambia amwambie atoroke. Anti akatikisa kichwa, akasema viazi vinatosha.

Kesho yake, Jumapili, watu wanatoka kanisani, kipaza sauti cha Odero kikatangaza kwamba sehemu ya pili imefika. Nani aliyebaki nyumbani? Hata akina mama wa kanisani waliokuwa wakiita vidio nyumba ya shetani walikuja na vitambaa vyao kichwani. Anti aliwekewa kiti chenye mgongo mbele kabisa. Nilitaka akatae, lakini aliketi, akaweka mkoba magotini. Odero alikuwa na shati jipya. Akatia kanda kwenye deki, na badala ya filamu kuanza, yakatokea majina yanapanda juu, herufi za kigeni, muziki wa kwaheri. Ilikuwa imeanzia mwisho. Watu wakanung'unika. Odero akabonyeza, kanda ikaanza kurudi nyuma, deki ikavuma, ikavuma, naye akasimama ametupa mgongo, mkono juu ya deki, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Hapo nikasema moyoni, nimekushika. Kanda isiyotazamwa haianzii mwisho. Huyu ameitazama, anajua kilichomo, na bado amemketisha Anti mbele.

Filamu yenyewe ilikuwa takataka. Nasema hivyo hata leo, baada ya kuona takataka nyingi. Lile pango la mawe mekundu sasa lilionekana saruji iliyopakwa rangi, unaona kabisa mahali brashi ilipopita. Nyoka walikuwa wa mpira. Shujaa alikuwa ameota kitambi na anakimbia kwa kujihurumia. Wakamwongezea tumbili wa kuchekesha asiyechekesha, na mzee mmoja akaja kutufafanulia, kwa kidole na michoro, kwamba hazina tuliyoililia mwaka mzima ilikuwa ya bandia, ya kweli iko kwingine. Watu walipiga mluzi wa hasira. Haya yote tungesamehe. Lakini kando ya shujaa alikuwa msichana mwingine, mfupi, nywele zimekatwa kama za mvulana, anamshika mkono kana kwamba wamezaliwa pamoja. Yule mwanamke mrefu hakuwepo, na hakuna aliyemtaja.

Odero akajaribu. "Huyu ni Nduku," akasema kwenye maiki. "Amekata nywele kwa sababu ya joto."

"Zii!" chumba kikajibu. "Huyo si Nduku!"

Akasema basi huyu ni dadake Nduku, Nduku mwenyewe yuko njiani, anakuja na chakula. Watu wakacheka, lakini kicheko cha kungoja. Tukangoja. Kila mlango ulipofunguliwa kwenye ile filamu, Odero alisema, "Sasa hivi mtamwona," na aliyeingia akawa ni askari, au tumbili. "Nduku ako wapi?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na safari hii hakuna aliyecheka. Halafu shujaa akamkumbatia yule msichana juu ya sanduku la dhahabu, akambusu, na vichwa vyote, vyote, vikageuka kutoka kwenye televisheni kumtazama Anti. Mtaa ulijua kusoma filamu za Odero. Odero hasemi kitu bure, na leo alikuwa amesema ana mwingine. Nikamsikia akivuta pumzi kwenye maiki. Akaiweka chini. Filamu ikaendelea kwa lugha yake yenyewe, mara ya kwanza tangu nyumba ile ifunguliwe, na maneno yasiyoeleweka yakajaa chumba. Anti akasimama, akanyoosha sketi, akapita katikati ya watu waliompisha kama wanavyopisha jeneza.

Nilimfuata nikilia kwa hasira. Nyumbani akaosha mikono, akakanda unga, akapika chapati, siku ambayo hatukuwa na mgeni wala sikukuu. Mama Kelvin akaja kumpa pole, akamkuta anageuza chapati akiimba wimbo wa kanisani puani. Alimuuliza kama yuko sawa. Anti akasema yuko sawa, ana njaa tu. Mama Kelvin akanong'ona kwangu mlangoni kwamba huzuni ya mtu mzima ndivyo ilivyo, inajificha kwenye unga. Nilikubali, ingawa kuimba kule kulinikaa vibaya, na kumenikaa vibaya miaka yote.

Mtaa haukumsamehe Odero. Wateja walipungua. Akipita na mwanamke yeyote, hata mama mboga aliyesimama kumsalimia, watoto walipiga kelele kutoka ghorofani, "Huyo si Nduku!" Hakujitetea hata siku moja, nami nikasema kimya chake ni kukiri. Kabla mwaka haujaisha alifungua ule mnyororo wa deki, akahamia Ziwani kwa binamu yake. Mimi nafasi yangu ya chuo ikatoka, maisha yakaendelea, lakini lile funzo sikuliacha. Mume wangu mwenyewe nilimchunguza hadi dada zake wakaniita askari kanzu. Kila mwanamume mwenye maneno matamu nilimwona Odero, na nikashukuru kwamba niliona mapema.

Ndiyo maana Jumamosi ile Kayole sikuweza kumwacha anywe chai kwa amani. Maombi yalikuwa yamekwisha, watu wanazungumzia basi la kwenda Ukambani kwa mazishi. Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye. Nikamwambia mimi ni Mwende, wa nyuma ya pazia. Akatabasamu, akasema alikuwa akiona miguu yangu. Sikutabasamu. Nikamuuliza nililotaka kumuuliza miaka yote, kwamba ile kanda alikuwa ameitazama kabla, siyo?

Akaweka kikombe magotini. "Ile kanda aliniletea Nduku mwenyewe," akasema. "Asubuhi ile, akitoka kanisani. Alisema ni zawadi, tuitazame pamoja na watu. Akasema hajaiona."

Nikamwambia hiyo si kweli. Nilisema kwa sauti hadi mtu jikoni akageuka. Lakini hata nikisema, niliona mwenzake wa Buruburu, aliyekuwa na televisheni na deki sebuleni, na kile kichwa kilichouma, na vile viazi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimemaliza mwaka nikikagua nguo za watu wengine.

"Ilipoanzia mwisho nikajua ameitazama," Mzee Odero akaendelea. "Nikasimama pale inarudi nyuma, nikafurahi. Nikasema, ameiona na bado amekuja, ameketi mbele. Basi ni nzuri, basi amekubali. Nilifurahi hadi ikafika mwanzo." Akakoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Alieleza kwamba hakuwahi kumuuliza. Alimtangaza mwaka mzima kwa maiki, akamletea redio, akamwambia habari za ziwa, na ile sentensi moja hakuisema kamwe, maana alidhani imekwisha kusemwa. Nduku naye hakuwa mtu wa kupigana na mtaa. Akatafuta filamu imjibie.

Nikamuuliza kwa nini hakusema, watu walipokuwa wanamtukana.

"Ningesema, wangemgeukia yeye. Walikuwa wameipenda ile hadithi, Mwende. Mtu lazima angelaumiwa. Mimi nilikuwa na mdomo mpana wa kubebea lawama."

Nilimchunguza uso nikitafuta mahali pa kumshika. Alikuwa mtu wa kutunga, huyu, alikula kwa kutunga. Lakini ya Buruburu hakuyajua, na sikumwambia. Nikamjazia kikombe, nami sijui kama nilikuwa naomba radhi au nafanya tu kazi ya mwenye nyumba. Nilidhani tumemaliza. Kumbe yeye naye alikuwa amekuja na swali lake, na mkate ule na majani yale yalikuwa ya kusindikiza swali.

Akasema miaka baadaye walikutana sokoni Gikomba, Anti ananunua mapazia. Wakasalimiana vizuri. Anti akamuuliza kama bado anaonyesha filamu, naye akasema aliacha. Ndipo Anti akamwambia, "Odero, ukileta sehemu ya tatu, uniulize kwanza."

"Nikacheka," Mzee Odero akasema. "Nilijua ananidhihaki. Nilicheka sana, ili asione. Yeye hakucheka. Alilipia mapazia yake akaenda, na mimi sikumtafuta tena." Akashika kikombe kwa mikono miwili. Ile sauti ikawa ndogo. "Wewe uliishi naye. Alikuwa ananitania?"

Mapazia yale yalikuwa nyuma ya kichwa chake, yameoshwa hadi maua yamefifia. Ningeweza kumwambia ndiyo, Anti alikuwa mtani sana ukimzoea. Angelala vizuri, na nani angenipinga? Mwenyewe alikuwa mochari akisubiri basi. Lakini mtu huyu alikuwa amebeba uongo wa familia yetu muda wa kutosha, na mimi, niliyemshuku hata kwa mkate, sikuwa na haki ya kumwongezea mwingine. Nikamkumbuka Anti mlangoni na blauzi nyeupe, Mama Kelvin akicheka, na yeye akifikiri ajibu nini.

"Mzee," nikamwambia, "Anti hakujua utani."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Alifungua mdomo, na kwa mara ya pili maishani mwangu nikamwona Odero amekosa la kusema.